Safu ya Tano Haikusikika

"Safu ya mwisho umeikosea," alisema mwalimu wa kwaya. "Taa zinawaka, lakini spika iko kimya."

Mchumba wake, fundi redio, aliganda, koleo mkononi. Mluzi mwembamba kutoka kwenye spika ulikuwa unamtoboa masikio.

Kwa miezi miwili alikuwa akimtengenezea kifaa cha kuonyesha sauti kwa taa, ili wanakwaya waone wanapokosea. Safu tano, kila moja na kichujio chake: cha kwanza kinapitisha besi peke yake, cha tano sauti nyembamba kabisa.

"Subiri," alisema. "Nashusha sauti iwe nzito kidogo kidogo. Ukisikia, niambie."

Akazungusha kitufe. Taa zikahama kutoka safu ya tano hadi ya nne. Mwalimu kimya. Zikafika ya tatu.

"Hapo nasikia."

Fundi akazima. Simu zisizopokelewa, majibu ya "niandikie tu, niko kazini": sasa yote yalimjia kwa sura nyingine.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mpenzi, mluzi ulikuwa unalia muda wote."

Mwalimu akakaa. "Mwaka jana. Daktari anasema usikivu hautarudi. Nivae vifaa vya masikio."

"Harusi ni baada ya wiki mbili. Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi."

"Yaani unifunge kwanza?"

"Niliogopa utaniacha. Nani anaoa mwalimu wa kwaya kiziwi?"

Fundi akatoa simu, akamwonyesha ujumbe ambao hakuwahi kuutuma: "Najua una mwanaume mwingine. Tusitishe harusi."

Mwalimu aliusoma mara mbili. "Uliandika lini?"

"Juzi. Dada yangu alisema mwanamke asiyepokea simu ana lake jambo. Nikaamini."

"Kwa hiyo sote tulikuwa tunafichana."

"Sote."

"Uutume au uufute. Ila usinioe kwa huruma."

Akaufuta mbele yake. "Kuna kingine unanificha?"

"Mama yako akinong'ona mezani, huwa nacheka tu. Sisikii neno."

"Huwa anakusema wewe."

"Nilihisi."

Wakacheka, machozi yakiwatoka. Kesho yake waliingia kwa daktari pamoja. Harusi ilisogezwa mbele mwezi mmoja, mpaka vifaa vya masikio vilipofika. Siku yenyewe, msusi alitaka kumwachia nywele zifunike masikio.

"Zibane juu," bibi harusi alimwambia. "Waone."