Namba Kumi na Saba Aliitika

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la mazoea tu. Mwalimu Pyo Rye-won alikuwa amesimama nyuma ya kamera akiwarekodi wasichana wake wa kidato cha pili mtihani wa kuzungumza. Aliwaita kwa namba zao za darasani, kama alivyofanya miaka yote, na alipomaliza na kumi na sita akaita, "Kumi na saba!"

Wasichana wakatazamana. Kumi na saba alikuwa Ki Yeo-ul, na Yeo-ul alizama kwenye bwawa la juu ya mji majira ya kuchipua. Namba ya mwanafunzi aliyeondoka huachwa wazi mpaka mwaka uishe, hapewi mwingine.

"Nisameheni, wanangu," alisema Mwalimu Pyo huku uso ukimwaka kwa aibu. "Kumi na nane. Chae-hui, njoo."

Bang Chae-hui, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akaburuta slipa zake za kuvalia darasani hadi mbele. "Jamani, mimi angalau ni mzima," akawanong'oneza wenzake.

"Huna adabu, wewe!" wakamzomea. Naye akazungumza vizuri ajabu, habari za bibi yake na mbwa wa bibi yake, mpaka wakacheka.

Alasiri Mwalimu Pyo alivaa hedifoni ofisini ili asahihishe. Alipofika pale alipokosea akajisikia akiita, "Kumi na saba!" Halafu, karibu kabisa na maikrofoni, mtu akaitika.

"Naam, Mwalimu."

Kwenye picha hapakuwa na mtu mbele ya ubao, lakini ile sauti ikaanza kuzungumza taratibu, kwa adabu, kama mtoto aliyejiandaa kwa siku nyingi, na kila ilipovuta pumzi kulisikika maji yakibubujika kooni, na harufu ya tope na majani yaliyooza ikapanda kutoka kwenye kompyuta hadi Mwalimu Pyo akaziba pua. Kisha Chae-hui akatokea kwenye picha, akainama, akafungua kinywa, akacheka, akarusha mikono, na hakuna neno hata moja lililosikika.

Kesho yake Chae-hui alikuja shuleni bila sauti. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mama yake, muuza kimchi, kachumbari ya kabichi iliyochachushwa, sokoni, alikuja hadi mlangoni mwa ofisi na aproni yake mwilini.

"Mwalimu, mtoto huyu alitoka kwangu akipayuka mpaka nikamgombeza. Mmemfanya nini?"

Mwalimu Pyo aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona haya, maana aliyemwita marehemu ni yeye. Akamtafuta mganga, Bi Cheon, na Jumamosi mchana wakaingia wote katika darasa tupu. Chae-hui akakalishwa kwenye kiti mbele ya kamera. Mama yake akaambiwa asubiri nje.

"Ulimwita wewe, utamwondoa wewe," alisema Bi Cheon kwa sauti ya chini, akizitoa kengele zake mfukoni. "Mwache aseme yake ayamalize. Akimaliza, mwambie hayumo tena darasani. Basi. Usimwonee huruma, usimshukuru. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Cheon."

Kengele zikalia. Mwalimu Pyo akawasha kamera, akaita namba. Kule nyuma ya darasa slipa zilizolowa zikaanza kupiga sakafu, chap, chap, zikapita kati ya madawati bila ya mtu kuonekana, zikafika kwenye kiti zikanyamaza, na Chae-hui akafumba macho, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Yeo-ul, ikimshukuru mama yake ambaye kila asubuhi ya baridi alimtandazia soksi kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini ili azivae zikiwa na joto. Mwalimu Pyo akalia. Alimpenda sana mtoto yule, na kumzika hakukumtoa moyoni.

Sauti ikamaliza. Na Mwalimu Pyo, ambaye maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kumwachia mwanafunzi arudi kwenye kiti bila neno, akasema, "Asante. Umefanya kazi nzuri."

Bi Cheon akaziangusha kengele. "Mwanamke wee! Umempokea!"

Chae-hui akafumbua macho, akasimama, akainama kwa heshima ambayo Chae-hui hakuwa nayo hata siku moja. "Asante, Mwalimu," akasema.

Mama yake Chae-hui akaingia mbio, akamkumbatia, akalia kwa furaha. "Sauti imerudi! Imekwaruza kidogo, ni ugonjwa tu. Mwanangu! Mbona nywele zako zimelowa?"

Bi Cheon alikusanya vitu vyake akaondoka, na tangu hapo hakupokea simu.

Mwalimu Pyo akavaa hedifoni, akaifungua tena rekodi ya mtihani. Mle ndani Chae-hui alikuwa akilia. "Mwalimu, nitoeni. Kuna giza, na maji yamefika kifuani. Mwiteni mama." Akainakili rekodi kwenye mashine nyingine, nakala ikawa bubu. Akampelekea mama yake hedifoni na kompyuta sokoni, na mama hakusikia chochote. Akamtazama mwalimu kwa huruma, akamfungia kimchi aende nayo.

Jumatatu Bwana Seok, msaidizi wa mkuu wa shule, alikuja kufuta rekodi za mtihani. Ndivyo ilivyo kila muhula: mwanafunzi akishaikubali alama yake, video yake inafutwa. Wasichana wakapanga foleni kuzikubali alama zao.

"Hii ya Chae-hui tuiache kwanza," aliomba Mwalimu Pyo. Hedifoni hakuivua.

"Kwani una malalamiko, binti?" akauliza Bwana Seok.

"Sina," akajibu yule msichana, akitabasamu kwa upole. "Nimeridhika. Futeni tu."

"Basi mwenyewe amekubali, Mwalimu. Shida iko wapi?"

Lolote ambalo Mwalimu Pyo angelisema, mtu mwenye akili zake asingelisadiki. Bwana Seok akabonyeza kitufe cha kufuta. Masikioni mwa Mwalimu Pyo, Chae-hui alikuwa anaita, "Mama, ma—"