Miguu ya Mzee Tsuma

Nyevu alikuwa anadeki aliposikia harufu ya tembo la mnazi, na banda zima halikuwa na mlevi. Lilikuwa banda la mabati pale Changamwe, mwaka wa arobaini na saba, ambamo injinia mmoja Mzungu alirundika mashine zilizostaafu: boila ya mvuke, king'ora cha kiwanda, mizani ya bandarini, na mwanambuzi wa vichwa viwili ndani ya chupa. Aliliita makumbusho. Gershom, mumewe Nyevu, ndiye aliyepewa ufunguo na cheo cha msimamizi, na tangu hapo alitembea kifua mbele utadhani ndiye aliyebuni treni.

Nyevu hakuwa na haja na vyeo. Binti yao Sidi, aliyekuwa akikimbia uani, alilegea miguu siku ile ile Gershom alipoanza kazi. Daktari alitikisa kichwa, padri akaomba, na ubaridi wa miguuni ukazidi kupanda. Sasa ulikuwa kiunoni. Ukifika moyoni, basi tena.

Aliifuata harufu hadi nyuma ya boila, mtoto mgongoni, akavuta gunia lililofunika kitu kirefu.

Kilikuwa kigango cha babake, Mzee Tsuma. Mzee wa chama cha Gohu akifa, Wagiriama humchongea gogo na kulisimika ardhini ili roho yake itulie. Mji ukihama, kigango hakihamishwi. Hilo hata mtoto analijua. Kule Kaloleni Nyevu mwenyewe alikuwa akimmwagia mzee tembo miguuni. Sasa miguu haikuwepo. Gogo lilikuwa limekatwa chini kwa msumeno.

"Baba Sidi! Umemkata babangu?"

Gershom alikuja mbio. "Punguza sauti, Bwana yumo ofisini," alinong'ona. "Lilikataa kung'oka, ningefanyaje? Alitaka kitu cha kienyeji, akasema atakayemletea ndiye atakayepewa kazi. Ni mti tu, Nyevu. Sisi ni Wakristo."

"Wakristo huiba makaburi?"

Hasira zilimpanda Nyevu. Hapo boila, ambayo haikuwa imeona moto miaka na miaka, ikaanza kugonga kwa ndani, polepole, kisha kwa kasi, na mabati yakaitikia, na king'ora kisicho na mvuke kikatoa mlio mrefu wa mtu anayeugua, na ile harufu ya tembo ikajaa hadi macho yakawasha, na katikati ya yote hayo Sidi akainua kichwa mgongoni, akamnong'oneza mamake sikioni kwa sauti nzito ya mzee:

"Nipeni miguu, niende kwangu."

Gershom aliukimbilia mlango. Nyevu alimwonyesha kwa kidole.

"Baba, mtoto hana kosa! Aliyekukata ni yule. Chukua yake!"

Gershom alianguka kabla hajafika. Kelele zikakoma. Sidi akateleza kutoka mgongoni, akasimama wima.

Nyevu alijitwika kigango kichwani, akampita mumewe aliyejikokota kwa viwiko.

"Mke wangu, usiniache."

Hakumtazama. Nje, Sidi alitangulia, akashika njia ya Mazeras iendayo Kaloleni bila kuuliza, mikono nyuma kama mzee.

"Sidi!"

Mtoto hakugeuka.

Nyevu alisimama njiani. "Baba?" aliita kwa sauti ya chini.

Mtoto akageuka.