Rangi ya Bwana Ufagio

Jumamosi ile kituo cha kuoshea magari kilifurika. Maji yalikuwa yanaruka, redio mbili zinashindana, na madereva wanapiga honi kana kwamba honi ndiyo inayosogeza foleni. Katikati ya zogo hilo, gari dogo la buluu likakosea njia, likaingia moja kwa moja kwenye banda la mwisho na kusimama karibu kabisa na magoti ya mwanamke aliyekuwa amechuchumaa akisuuza vitambaa.

Mwanamke akainuka taratibu. Alivaa ovaroli ya kijivu iliyopauka magotini, kilemba cha manjano na hereni ndogo za fedha. Wateja walimwita Fundi, na kazi yake ilikuwa kuyang'arisha magari yaliyochoka.

"Kaka, umekuja kuosha gari au kuniosha mimi?"

Mwanamume akaruka nje, mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. "Nisamehe, dada yangu. Nilikuwa nakutazama… yaani, nilikuwa natazama kibao."

"Kibao kiko upande wa pili."

Akacheka kwa aibu, na Fundi akajikuta anacheka naye. Kisha akaligeukia gari, akapitisha kiganja kwenye boneti, na uso ukabadilika. Vumbi lilikuwa limenasa ndani ya rangi kama mchanga ndani ya wali. Kwenye milango rangi ilichuruzika ikagandia njiani, na raba za madirisha nazo zilikuwa zimepakwa buluu.

"Nani alilipaka hili?"

"Sijui. Nimelinunua mwaka jana kwa mwalimu mstaafu. Nadhani alitumia ufagio."

Fundi alicheka mpaka akaliegemea gari. Tangu dakika hiyo mpakaji yule asiyejulikana akawa Bwana Ufagio.

"Nikuambie ukweli," akasema alipotulia. "Rangi mbaya siwezi kuigeuza mpya. Vumbi nitalisugua kwa msasa wa maji, michirizi nitaipunguza, ndipo nipitishe mashine ya kung'arisha. Lakini kuna mahali rangi ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikizidisha, tutaona bati. Niachie wiki nzima."

"Wiki? Kazini nitakwenda na nini?"

"Mbona una miguu mizuri tu."

"Kumbe umeiona?"

"Kazi yangu ni kuangalia, kaka."

Mwanamume yule alikuwa mfamasia, na duka lake la dawa lilikuwa mitaa miwili kutoka pale. Kila alasiri akitoka kazini alipita kulijulia hali gari, na siku ambazo wateja walimchelewesha, alipiga simu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amekula msasa, amepumzika."

"Na fundi wake?"

"Fundi ana njaa."

"Nakuja sasa hivi."

Alikuja kweli, na mfuko wa matunda, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtazama anavyofanya kazi. Walimcheka Bwana Ufagio pamoja: kwamba alipaka huku anakimbizwa, kwamba alipaka kwenye kimbunga. Jumatano mfamasia akateleza ulimi akamwita "wangu". Fundi alisikia vizuri, wala hakumsahihisha.

Ijumaa mchana Fundi alikuwa anamalizia pembe za mwisho. Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta ili afute ndani, kitambaa kikasimama mkononi. Ndani ya kifuniko, kwenye rangi, palikuwa na alama ya dole gumba, na katikati yake ulipita mstari wa kovu.

Kovu hilo alilijua tangu utotoni. Baba yake alipaka magari rangi kwa miaka thelathini, na kila kazi aliyomaliza aliigusa kwa dole gumba kabla haijakauka, mahali ambapo mwenye gari hatafikiria kutazama. Aliifunga karakana yake miaka miwili iliyopita. Mgongo, alisema.

Fundi akakaa chini. Baba hajawahi kupaka rangi hivi. Kisha mambo madogo yakaanza kumjia, moja baada ya jingine: chai inayomwagwa kando ya kikombe, mkono unaopapasa ukuta wa korido, malalamiko kwamba taa za nyumba ni hafifu, na jinsi Mzee asivyomsalimu mtu mpaka mtu huyo aseme kwanza. Haukuwa mgongo hata kidogo. Yalikuwa macho. Naye wiki nzima amekuwa akimcheka.

"Bwana Ufagio ameamkaje leo?" Mfamasia alikuwa mlangoni, chupa mbili za sharubati baridi mikononi.

"Chukua gari lako."

"Limeisha?"

"Bado. Mimi ndiye nimemaliza."

Tabasamu likamfifia. "Wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nenda tu."

"Kama kuna mtu mwingine, si ungeniambia mapema?"

Fundi aliinama kuokota kitambaa, na mfamasia akalichukua hilo kuwa ndiyo. Mfamasia akaziweka chupa juu ya ndoo, akachukua ufunguo, akaondoka. Usiku na kesho yake simu iliita, haikupokelewa. Jumapili haikuita tena, na hapo ndipo Fundi alipogundua kuwa alikuwa anaisubiri.

Mchana huo aliketi mbele ya baba yake. "Baba, nimeliona gari la buluu. La yule mwalimu."

Mzee akageuza uso kuifuata sauti yake. "Michirizi mingi?"

"Mingi."

"Nilijua. Lile nililipaka kwa kukisia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niache." Akakohoa. "Na ningeacha vipi, mwanangu, mimi ambaye sijui kazi nyingine?"

Fundi akalia, kisha akamweleza yote: vicheko, jina la Bwana Ufagio, mfamasia aliyefukuzwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, halafu akafanya jambo ambalo Fundi hakulitarajia. Alicheka.

"Ufagio! Na wewe umemfukuza mtu kwa kusema kweli? Mpigie. Aje na gari."

Simu ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Hakuna mtu mwingine," Fundi akasema kabla ya salamu.

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Kuna baba yangu. Bwana Ufagio ni baba yangu."

Mfamasia alisikika akichukua ufunguo. "Nakuja."

Mzee alilipokea gari uani kwa viganja. Alilizunguka polepole akilipapasa, akitaja makosa yake mwenyewe: hapa bomba la kupulizia rangi lilikaa karibu mno, hapa sikungoja ikauke, hapa sijui hata nilikuwa nafikiri nini. Mfamasia alimfuata nyuma, jasho likimtoka.

"Mzee wangu, niwie radhi. Nilisema bila kujua."

"Rangi ni mbaya, kijana. Ila na wewe, unanunuaje gari bila kulikagua?"

Hata Fundi akacheka, na mfamasia akapata ujasiri. "Mzee, ukitazama mbele, pembeni unaona?"

"Pembeni palishafungwa zamani. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba."

"Basi kesho tunakwenda hospitali. Mimi ndiye nitakayekupeleka."

Mzee alibisha mpaka magharibi, na asubuhi akavaa koti. Daktari alikuta presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi, alisema, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila jioni bila kukosa. Fundi hakujiamini na kichupa kile. Mkono wake ulizoea mashine. Hivyo mfamasia akawa anakuja yeye. Alikuja siku za mvua, alikuja siku za sikukuu, na katikati ya safari hizo Fundi alilimalizia gari. Halikuwa jipya. Ukilikaribia uliona ilipochuruzika. Ila juani liling'aa.

Jioni moja, mwezi wa nne tangu matone yaanze, mfamasia alimtilia Mzee matone na kumwambia kama kawaida afumbe macho dakika tano. Kisha akamgeukia Fundi, akamshika mkono uliokuwa bado unanukia nta.

"Wangu," akanong'ona, "nimechoka kuaga kila jioni. Nataka nikuoe. Utakubali?"

Fundi akageuka kumtazama baba yake.

"Nimeambiwa nifumbe macho," Mzee akasema kutoka kitini. "Masikio hayakutajwa. Mjibu mwenzako."

"Baba!"

"Haya, mimi simo."

Fundi akamtazama yule mwanamume mrefu, akambana vidole. "Nimekubali. Lakini Baba utamwomba mwenyewe, umekaa mbele yake, anakutazama."

Mfamasia akameza mate, akaangalia saa. "Bado dakika tatu."

"Zimetimia," Mzee akasema, akafumbua macho.