Jani la Isale kwa Flavia

Kila Jumamosi Violet alikata majani ya ng'ombe mapema, akaosha vyombo, akafagia ua bila kutumwa mara mbili. Si kwamba alikuwa mchapakazi ghafla, la hasha! Saa kumi jioni ilikuwa saa ya tamthilia ya "Dawati la Nyuma", na Bibi Theodora alikuwa na sheria moja: ng'ombe hajala, runinga haiwashwi.

Nusu ya watoto wa kitongoji kile cha Mwika walijaa sebuleni kwa bibi. Tamthilia ilimhusu Nuru, msichana wa sekondari aliyeacha kula, kucheka na kuzungumza. Siku Nuru aliposhinda kitandani akiutazama ukuta, watoto waliangua kicheko.

"Anadeka huyo!" alisema Lucky. "Aje kwetu abebe mikungu ya ndizi siku moja tu, atapona!"

Violet alicheka kuliko wote. Kisha akasema neno alilokuja kulijutia: "Kumbe ni Flavia wetu huyu!"

Flavia alikuwa jirani yake na rafiki yake, tena walikaa dawati moja darasa la sita. Tangu likizo iishe alikuwa amenyong'onyea. Chakula alikisogeza tu kwenye sahani, na uwanjani hakuonekana tena. Jumatatu ile darasa zima lilimwita Nuru. Jumatano Flavia hakuja shule, na Alhamisi vilevile.

Jumamosi iliyofuata kwenye runinga, rafiki yake Nuru alikuja kukaa naye, kisha wakamwita mama yake. Nuru alimtazama mama akasema, "Mama, siumwi kichwa wala tumbo. Naumwa mahali pasipoonekana, na nimechoka kujifanya mzima."

Hata Lucky aliinamisha kichwa. Bibi Theodora alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Mtoto jasiri huyo," alisema. "Enzi zetu tulisema fulani karogwa, au fulani mvivu, basi. Nani angethubutu kusema hivyo mbele ya mzazi wake?"

Violet akakumbuka. Wiki mbili nyuma, wakiwa bombani, Flavia alimwambia, "Nimechoka, Violet, wala sijui nimechoshwa na nini." Naye alimjibu alale mapema. Loo, aibu iliyoje!

Jumapili baada ya misa, Violet alichuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Kila mtoto wa Kichagga anajua: anayekuletea isale anaomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa. Alilibeba mpaka kwa akina Flavia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yupo chumbani. Tangu jana hajatoka."

Flavia alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi, yameisha!" alisema Violet kwa furaha. "Kesho twende shule."

Flavia aligeukia ukutani.

Violet alirudi nyumbani akilia. "Bibi, isale amelipokea, lakini hajapona!"

"Mjukuu wangu, isale humaliza ugomvi. Nani alikuambia linatibu ugonjwa?" Bibi alimvuta karibu. "Hebu niambie, rafiki yake Nuru alifanya nini jana?"

Violet alifikiri. "Alikaa naye. Hakumlazimisha kucheka. Halafu wakamwambia mtu mzima."

"Kumbe uliangalia vizuri! Sasa mbona umekaa hapa?"

Violet alirudi kwa akina Flavia mikono mitupu. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, asimharakishe. Mwishowe akasema, "Pale bombani uliniambia, nami sikukusikiliza. Tumwambie mama yako?"

"Atasema nadeka."

"Nitakaa hapa hapa."

Walimwita mama. Alisimama mlangoni, uso umejaa wasiwasi. "Lakini Flavia, unakosa nini mwanangu? Maziwa yapo, ndizi zipo..."

"Sikosi kitu, mama," alisema Flavia. "Naumwa, ila hapaonekani. Kila siku nataka kulia."

Mama alimkumbatia, wakalia wote wawili. Kesho yake walishuka mjini hadi hospitali ya Mawenzi. Tangu siku hiyo, kila wiki Flavia alikwenda kuzungumza na mtaalamu. Kuna wiki alirudi na uso mkunjufu, kuna wiki alirudi amechoka, lakini hakuacha kwenda.

Ilipofika sehemu ya mwisho ya tamthilia, Flavia alikuwepo sebuleni kwa bibi. Lucky alimpisha kwenye kiti, akasema "samahani" huku akitazama vidole vyake vya miguu. Kwenye runinga Nuru alicheka kwa mara ya kwanza, watoto wakapiga makofi.

"Hajapona kabisa," alisema Flavia. "Ila sasa ana watu."

Bibi Theodora alizima runinga. "Mmesikia? Akili nayo huugua, kama kifua kinavyougua. Mgonjwa hachekwi. Husikilizwa, akapelekwa kwa wanaojua kutibu. Na mtu akikuambia naumwa, hadeki huyo. Amefanya jambo gumu kuliko kubeba mikungu yenu yote!"

Nje, ng'ombe alilia kwa njaa. Violet alishika mdomo. Kwa pilikapilika za kumfuata Flavia, alikuwa amesahau majani!

"Leo sheria imevunjwa, bibi," alisema Flavia, na akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini Violet alikisikia vizuri. Wakachukua mundu, wakaenda kukata majani pamoja.