Utando wa Tungsteni

Afande wa uwanja wa ndege alikishika kile kisanduku kama mtu aliyepewa yai viza.

"Humu mna nini, dada?"

"Utando wa platinamu," alijibu mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya haradali. "Umelala juu ya hivyo vibao."

"Mbona siuoni?"

"Hata mapenzi yakianza hayaonekani, afande," sauti ilidakia nyuma kwenye foleni. "Ila mtu anakonda."

Watu wakacheka. Mwanamke aligeuka amkate jicho huyo mwenye mdomo, akamkuta kijana mrefu, shati jeupe limekunjamana, kwapani ana kisanduku kama chake. Jicho likasahau kukata.

Kumbe fani ni moja: kijana alitengeneza utando, mwanamke alipima. Haukupita muda wakawa maabara moja, chini ya Profesa mmoja, wakiitana Fundi na Bi Volti.

Elektroni hujizungusha kama pia ya kuchezea. Mizunguko hiyo ikisukumwa kutoka kwenye sumaku ikaingia ndani ya utando wa platinamu, hupindishwa pembeni, na huko pembeni unazaliwa umeme. Fundi alipaka utando ambao mbele yake ganda la kitunguu ni ukuta. Bi Volti aliunasa huo umeme kwa nyaya nyembamba kama nywele.

"Umepata?" Fundi alipiga simu kila mchana kutoka chumba cha mashine.

"Nimepata. Mdogo, lakini upo."

"Kama aibu yako."

"Kata simu, nifanye kazi."

"Kata wewe, mpenzi."

Hakuna aliyekata.

Kisha ratiba ya mkutano mkuu ikatoka. Kazi yao ilikuwemo, na majina mawili: la Fundi na la Profesa. La aliyepima halikuwepo.

"Jina langu limekwenda wapi?" Bi Volti aliuliza simuni.

Fundi akashusha sauti: "Nipo na Profesa hapa. Niamini tu, mama. Nitakueleza."

"Sawa, baba."

Jioni Fundi alipobisha mlangoni, hakufunguliwa. Kesho yake hivyo hivyo.

Bi Volti alikuwa na kazi nyingine. Mezani kwake kulikuwa na utando wa tungsteni ambao Fundi alimwachia aupime. Katika tungsteni mizunguko hupindishwa upande wa pili, kwa hiyo umeme uliokuwa chanya hauna budi kuwa hasi. Akapima. Haukugeuka. Akapima tena, chanya vilevile. Maana yake walichokuwa wakikishangilia hakikutokana na mizunguko. Lilikuwa joto la kifaa, likiwachezea.

Mtu anayependa angekimbia kumwambia mwenzake. Bi Volti alizima mashine, akaenda kununua gauni jekundu.

Ukumbi ulijaa. Fundi alizungumza vizuri, mpaka gauni jekundu liliposimama katikati ya watu.

"Samahani, mtaalamu. Ukiondoa platinamu ukaweka tungsteni, alama ya umeme inageuka, chanya ikawa hasi?"

Fundi alimtazama. "Matokeo hayo sijayapata bado."

"Mimi ninayo. Haigeuki."

Minong'ono ikapanda safu kwa safu. Bi Volti hakukaa. Alimtazama anavyolowa jasho, akaona raha ikimshuka kifuani kama maji ya baridi.

Fundi akabonyeza picha ya mwisho ili ashuke. Jina la Bi Volti likajaa ukutani, la kwanza, na chini yake: vipimo vyote ni vyake. Safu ya mbele, Profesa alikunja uso kama mtu aliyekataza jambo likafanywa.

Bi Volti akakaa. Kumbe alimpasua mtu aliyekuwa akimpigania, na majina yaliyoaibika pale ukutani yalianza na lake.

Simu zake hazikupokelewa. Siku moja ikapokelewa na dada yake Fundi.

"Wifi, yupo hapa anakula. Anasema nikwambie amesafiri."

"Mwambie namwomba radhi."

Sauti zikanong'ona. "Anasema ulimuuliza mbele za watu. Kamwombe mbele za watu."

Akaenda kantini ya maabara, mchana, meza zote zimejaa, Profesa yumo. Akasimama.

"Fundi, nilikukomoa. Niliiona kasoro nikaificha ili uanguke. Kisasi kilikuwa kitamu, sasa kimenikwama kooni. Nisamehe. Na ukiweza kunisamehe, nioe."

Vijiko vikatulia. Fundi aliendelea kutafuna. Akanywa maji. Akajifuta mdomo taratibu, kona hii, kisha kona ile, na Bi Volti amesimama, masikio yanamwaka.

"Unajisikiaje hapo?"

"Vibaya."

"Ndivyo kulivyokuwa kule jukwaani." Akavuta kiti kilichokuwa pembeni yake. "Kaa ule. Tukitoka hapa tunapaka utando upya, joto tulizibe. Alama ikigeuka, naja kwenu kuzungumza na mama."

"Isipogeuka?"

"Naja vilevile. Ila nitakuja nimenuna."