Laini Tatu za Koboko

"Iko na waya mingi, Poni! Tuma video mbio!"

Sauti ya Ocokoru ilitoka kwenye Thuraya iliyowekwa dirishani, nyuma ya pazia. Simu hiyo ya setilaiti ilifaa kwa sauti tu. Ocokoru, mtegua mabomu, alikuwa Arua, mtaa wa Oli, amepiga magoti mbele ya bomu lililotegwa lilipuke saa kumi jioni.

Jasusi Night Poni alikuwa Koboko, amejifungia chumba cha nyuma cha duka la kuchaji simu. Alikuwa ameiba video ya fundi akiliunganisha bomu hilo. Hakuelewa hata waya mmoja. Ocokoru alipaswa kujionea mwenyewe.

Tena alikuwa mumewe. Ofisi haikujua.

Wauza silaha waliolitega bomu walitaka wanajeshi wote wakimbilie Arua, mpaka ubaki wazi, bunduki zao zipite Lurujo bila kuulizwa.

Kwenye kompyuta yake, ThinkPad, zilichomekwa modemu tatu. Mtu wa Koboko hatembei na laini moja. Ana ya Uganda, ana ya Kongo, ana ya Sudan Kusini, na kila moja hushika inapojisikia. Kompyuta iliikata video vipandevipande, ikazigawia laini zote tatu mzigo kwa pamoja.

Nusu ikaenda.

Laini ya Uganda ikafa.

Wamezima mnara!  Haraka Night akavihamishia vipande vilivyobaki kwenye laini mbili. Ya Kongo ilijikokota. Ya Sudan ilishika, ikaachia, ikashika. Akaivuta modemu yake kwa waya mpaka kwenye pazia. Ikapata nguvu kidogo.

Nje ingepata zaidi.

Lakini nje alikuwepo Swadiki, mtu wa wauza silaha, akipita duka hadi duka na bunduki ndani ya koti, akimtafuta mwanamke mwenye kompyuta.

 Night akautoa mkono wa kushoto dirishani, modemu kiganjani. Wa kulia ukashika bastola yake, Glock.

Vipande vikaanza kukimbia.

"Wewe! Mimi naona mkono yako!" Swadiki alifoka kutoka nje.

Mbio za viatu. Teke mlangoni. Bawaba ikalegea.

"Ocokoru, imefika?"

"Bado. Kipande moja."

Akisogea, laini itakatika. Laini ikikatika, Ocokoru atakufa.

"Swadiki, ngoja kwanza!" alipaza sauti. "Mimi natafuta network!"

Mateke yakakoma.

Swadiki alizaliwa Dranya. Huko mtu akisema anatafuta network, wenzake husimama walipo, wasimharibie. Mguu wake ulibaki juu kwa mazoea tu, kabla akili haijamrudia.

"Imefika!" alisema Ocokoru.

Mlango ukavunjika. Glock ikalia mara moja. Swadiki akaanguka ameshika paja, bunduki ikateleza chini ya meza. Night akaivuta kwa mguu.

Ukutani saa ilikuwa inakaribia kumi. Night akaisogeza Thuraya sikioni. 

"Mama Paska," Ocokoru akasema hatimaye, akihema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Imezima. Mimi iko mzima."

Mkuu wao, Anguzu, alikuwa anasikiliza simu hiyo hiyo. Akakohoa.

"Wanajeshi wangu hawajatoka mpakani. Zile bunduki tumeshika Lurujo." Akakohoa tena. "Mama nani?"

Night akakata simu. Akafunga ThinkPad, akamruka Swadiki, akatoka barabarani. Alitembea polepole, kichwa juu, kama mtu aliyetoka kuchaji simu yake, na machozi yakimtiririka.