Kufuli Yenye Funguo Mbili

Ghorofa ya nne. Magoti yalimwaka moto.

Ofisini walimwita Mwanafunzi, tangu aanze masomo ya jioni ya hesabu akiwa na miaka hamsini na mbili. Sasa jasusi huyo alipanda ngazi, bastola ya Glock mkononi, akimfukuza muuzaji aliyeiuzia idara kufuli mpya ya siri ya kufungia ujumbe wa kompyuta. Jamaa alitimua mbio alipoulizwa tu kitambulisho.

Saa sita mchana, orodha ya watoa habari ingetumwa ng'ambo ikiwa imefungwa kwa kufuli hiyo.

Jina la kumi na tisa lilikuwa la mdogo wake.

Alimkuta muuzaji chooni, kompyuta ya Lenovo mapajani, imeunganishwa na laini ya idara.

"Pole na ngazi, mama," muuzaji alisema. "Nipekue. Sina ufunguo wenu."

Alimpekua. Kweli hakuwa nao.

Redio yake ya Motorola ikakoroma. "Mwanafunzi, amekutwa na ufunguo?"

"Hana, Mkuu."

"Mwachie, usitutie aibu. Tunatuma baada ya dakika kumi."

Mwanafunzi alitazama kioo cha kompyuta. Milinganyo mitupu. Wiki iliyopita zoezi kama hilo lilimfanya akeshe: jibu lake halikufanana na la mwenzake, na mwalimu akawapa wote vema.

"Mkuu, hahitaji ufunguo wetu. Kufuli hii inaficha siri mbili, moja imezidishwa kushoto, nyingine kulia. Ametafuta mbili nyingine zinazoleta jibu lilelile. Zinafungua vilevile."

"Ya darasani yaache darasani."

"Basi funga maneno yoyote kwa kufuli hii, uyatume."

Redioni Mkuu alisikika akigonga vitufe.

Ee Mungu, aliomba moyoni, nimechoka, lakini usiniache leo.

Lenovo ikalia. Mwanafunzi akabonyeza, ujumbe ukafunguka. Muuzaji akafumba macho.

"Umeandika, 'Chai yangu imepoa,'" Mwanafunzi alisema.

Redioni sauti ya Mkuu ikasikika, akimwambia mtu wa pembeni: "Zima mtambo. Orodha haitoki."

Mwanafunzi alimfunga muuzaji pingu, akamkabidhi kwa walinzi wa jengo.

"Mama, nani alikufundisha?" jamaa aliuliza.

"Mwalimu wa jioni. Bado ananidai zoezi la saba."

"Nenda nyumbani ukalale," Mkuu alisema redioni.

"Nina kipindi saa kumi na moja, Mkuu."

Akaizima Motorola, akashika chuma cha ngazi. Alishuka polepole, na kwa kila kipandio alimshukuru Mungu kwa ajili ya mdogo wake.

Lifti, kama kawaida, ilikuwa mbovu.